Mwalimu Aliyewafuata Wakulima: Habari za Maisha ya George Washington Carver



Katika kitabu cha Jubilei ni desturi kuwakumbuka waliolijenga jimbo: maaskofu, mapadre, masista, waashi wa makanisa, na makatekista waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Yafaa hivyo. Lakini tumeona vema kumkumbuka pia mwalimu wa namna nyingine, yaani mwalimu wa jembe, yule tumwitaye bwana shamba. Maana watu wa parokia zetu, toka Tunduma mpakani hata Vwawa na Mbozi, toka milima ya Ileje hata nchi ya chini ya Momba, karibu wote huishi kwa shamba. Na hata aliye mfanya biashara mjini hula kilicholimwa na mwenzake. Nani amwandikiaye habari zake yule aliyewafundisha watu kuponya udongo uliochoka? Mara nyingi hapana.

Basi twaandika hapa maisha ya mmoja aliyewapita wengi katika kazi hiyo. Jina lake ni George Washington Carver. Hakufika kwetu kamwe; alizaliwa, akafundisha, akafa Marekani. Lakini mazao aliyoyahimiza ni karanga, kunde na viazi vitamu, vyakula tuvijuavyo tangu utoto. Na ile njia ya kumfuata mkulima kwake, aliyoifuata yeye na wenzake, ilivuka bahari ikafika Afrika Mashariki, kama tutakavyoonyesha mbele.

Kuzaliwa kwake

George alizaliwa utumwani, karibu na kijiji cha Diamond katika nchi ya Missouri, yapata mwaka 1864. Siku zile Wamarekani wa Kaskazini na wa Kusini walikuwa wakipigana vita kubwa, na neno la utumwa ndilo lililowagombanisha. Siku aliyozaliwa haijulikani, wala mwaka wenyewe haujulikani kwa hakika. Mama yake aliitwa Mary, naye alikuwa mtumwa wa mkulima mmoja mzungu, Moses Carver, na mkewe Susan. Baba yake, kama isemwavyo, alikuwa mtumwa wa shamba la jirani, akafa kwa ajali.

George alipokuwa angali mtoto mchanga, wanyang'anyi walikuja usiku wakamchukua pamoja na mama yake ili wakawauze mbali. Moses Carver akamtuma mtu kuwafuatia. Mtu yule akarudi na mtoto peke yake, naye akapewa farasi kuwa ujira wake. Mama hakuonekana tena mpaka leo. Sisi wa nchi hii iliyo kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika hatuhitaji maelezo marefu ya huzuni ile, maana katika karne ile ile ya 19 misafara ya watumwa ilipita katika njia zetu.

Vita ilipokwisha mwaka 1865, utumwa ulikomeshwa. Moses na Susan wakamlea George na nduguye Jim nyumbani mwao. George alikuwa mgonjwa-mgonjwa. Kifaduro kilimdhoofisha, na sauti yake ikabaki nyembamba maisha yake yote. Kwa kuwa hakuweza kazi nzito za shamba, Susan alimfundisha kusoma, kupika, kufua na kushona. Saa zilizobaki alikwenda msituni. Huko alijifanyia bustani ya siri, akapanda miche aliyoiokota, akachunguza kwa nini huu wanyauka na huu wasitawi. Majirani wakaanza kumletea maua yao yaliyougua awaponyeshee. Hivyo kabla hajajua kuandika vizuri alikuwa amekwisha kuitwa mganga wa mimea.

Jinsi alivyotafuta elimu

Shule ya karibu ilikuwa ya watoto weupe peke yao. George alipokuwa na umri wa miaka kama 11 au 12, aliondoka kwenda mji wa Neosho, ambako palikuwa na shule ya watoto weusi. Akapokewa na mama mmoja aitwaye Mariah Watkins na mumewe Andrew. Mama huyo alikuwa mkunga, naye alizijua dawa za mitishamba. Akamlea kama mwanawe, na George akamlipa kwa kazi za nyumbani.

Toka hapo alihama mji hata mji, akifua nguo za watu na kupika, ili apate ada na chakula. Katika mji wa Fort Scott, mwaka 1879, aliona kwa macho yake kundi la watu wakimwua mtu mweusi bila hukumu. Akaukimbia mji ule usiku ule. Baadaye aliandika barua kuomba nafasi katika chuo kimoja cha Kansas, akakubaliwa. Lakini alipofika mlangoni na kuonekana kuwa mweusi, akafukuzwa. Wengi wangalivunjika moyo. Yeye alikwenda nchi kame ya magharibi ya Kansas, akajenga nyumba ya matofali ya udongo wenye majani, akalima.

Mwaka 1890 alipata nafasi katika chuo cha Simpson, katika nchi ya Iowa, akajifunza uchoraji na muziki. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, aliona jinsi alivyochora mimea kana kwamba i hai, akamshauri aende kusoma elimu ya kilimo. Mwaka 1891 akaingia Chuo cha Kilimo cha Iowa katika mji wa Ames, naye alikuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi mahali pale. Mwaka 1894 alipata shahada ya kwanza, na mwaka 1896 shahada ya pili. Alisifiwa hasa kwa ujuzi wa magonjwa ya mimea yaletwayo na ukungu. Uchoraji wake haukupotea, maana picha yake moja ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893.

Kuitwa Tuskegee

Mwaka ule wa 1896 ilimjia barua toka kwa Booker T. Washington, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa kama yeye, na mkuu wa chuo cha watu weusi cha Tuskegee katika nchi ya Alabama. Mkuu huyo alimtaka aje kufundisha kilimo. Carver angaliweza kukaa Iowa, ambako alikuwa amekwisha kufanywa mwalimu, na ambako walimheshimu. Lakini aliona kwamba elimu aliyopewa haikuwa yake peke yake, akaenda. Akakaa Tuskegee yapata miaka 46, hata alipokufa.

Alipofika hakukuta maabara, yaani chumba chenye vyombo vya kupimia na kuchunguza. Hakulalamika muda mrefu. Aliwachukua wanafunzi wake wakapita majalalani mwa mji, wakaokota chupa, mitungi iliyopasuka, vipande vya waya na vikombe. Vitu hivyo wakavisafisha, wakavikata na kuvifunga, vikawa vyombo vya kazi. Nao wanafunzi walipata somo lao la kwanza bila ya kitabu: mtu aanze na kile alicho nacho mkononi.

Nchi aliyoikuta

Yatupasa kueleza hali ya wakulima wa pale, ili msomaji aone uzito wa kazi. Wazee wao walikuwa watumwa. Nao walikuwa huru, lakini hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la mtu, wakamgawia mavuno. Mbegu, chakula, nguo na nyumbu wa kulimia (mnyama azaliwaye na punda na farasi) walivichukua kwa mkopo, na riba yake ilikuwa kali. Wakati wa mavuno hesabu ilifanywa na mwenye shamba au mwenye duka. Na mkulima asiyejua kusoma aliambiwa kwamba bado anadaiwa. Basi mwaka wa pili alianza na deni la mwaka wa kwanza.

Tena mkopeshaji alikubali pamba tu iwe rehani. Kwa hiyo watu walipanda pamba mwaka kwa mwaka mahali pale pale, hata karibu na mlango wa nyumba, pasipo nafasi ya mboga. Udongo ukachoka. Mvua zikachimba makorongo. Watoto wakala unga wa mahindi, nyama ya nguruwe yenye mafuta na asali ya miwa, siku zote hivyo hivyo, wakaugua kwa kukosa mboga na maziwa. Wako miongoni mwetu wanaoijua hali iliyofanana na hiyo: mtu auzaye kahawa yake ingali maua mtini, au mahindi yake yangali mabichi shambani, kwa kuwa ada ya mtoto imefika na nyumbani hakuna kitu.

Mafundisho yake

Nchi ya Alabama ilitoa fedha mwaka 1897 ili shamba la majaribio lifunguliwe Tuskegee. Zilikuwa dola 1,500 kwa mwaka, fedha ndogo kwa kazi kama ile. Carver angaliweza kununua mbolea ya dukani, akavuna sana, akasifiwa. Hakufanya hivyo, kwa sababu alijua kwamba mkulima maskini hangeweza kumfuata. Alichagua kujaribu yale tu ambayo mtu mwenye nyumbu mmoja, au asiye na nyumbu, aliweza kuyafanya.

Akawafundisha watu kukusanya majani makavu ya msituni na matope meusi ya mabwawani, kuyalundika pamoja na samadi mpaka yaoze, kisha kuyafukia shambani. Akawafundisha kulima kwa kukinga mteremko, ili maji yasibebe udongo. Akawafundisha kubadilisha mazao: mwaka huu pamba, mwaka ujao kunde au karanga. Sababu yake ni hii. Katika mizizi ya kunde, karanga na maharage mna vifundo vidogo, na ndani yake hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huchukua nitrojeni iliyo hewani na kuifanya chakula cha mmea. Nayo masalio ya mmea yakirudishwa udongoni hulisha zao lifuatalo. Hivyo maskini hupata mbolea toka hewani, asilipe senti. Mwalimu yeyote wa Mbozi au Ileje aweza kung'oa mche wa maharage na kuwaonyesha watoto vifundo hivyo leo hii.

Carver aliandika pia vitabu vidogo, 44 kwa jumla, tangu mwaka 1898 hata mwisho wa maisha yake. Cha kwanza kilieleza jinsi ya kulisha mifugo matunda ya mwaloni, mti uliojaa katika misitu ile na ambao hakuna aliyeulipia. Kingine cha mwaka 1905 kilieleza kuponya udongo uliochakaa. Kimoja cha mwaka 1910 kilikuwa cha walimu wa vijijini, juu ya bustani za shule. Namna yake ya kuandika yastahili kuigwa: mkulima alipata humo jinsi ya kulima, mwalimu alipata elimu ya mmea ule, na mama wa nyumbani alipata jinsi ya kupika. Alijua kwamba zao jipya lisipoingia chunguni halitadumu shambani.

Wala hakuishia katika mazao. Aliwafundisha watu kukausha matunda na mboga, kuhifadhi nyama wakati wa joto, kutambua mboga za porini zifaazo kuliwa, na kupaka nyumba zao kwa udongo wa rangi uliochimbwa kilimani kwao. Mama zetu wapakao kuta kwa udongo mweupe na mwekundu wangalimwelewa mara moja.

Shule yenye magurudumu

Tangu siku zake za kwanza Tuskegee palikuwa na mikutano ya wakulima chuoni. Lakini Carver aliona neno moja. Waliokuja mkutanoni ni wale wenye nafasi na wenye viatu. Aliyelemewa zaidi na deni, yule aliyehitaji mafundisho kuliko wote, hakuja. Aliona haya, au hakuruhusiwa na mwenye shamba, au safari ilimshinda. Basi Carver mwenyewe akaanza, siku za mwisho wa juma, kupanda kigari kilichokokotwa na nyumbu, akawafuata watu mashambani na katika viwanja vya makanisa baada ya ibada.

Toka hapo likatoka shauri la kutengeneza gari kubwa liwe shule ya kutembea. Booker T. Washington alilipenda shauri hilo. Carver alichora jinsi gari litakavyokuwa, na tajiri mmoja wa New York, Morris K. Jesup, akasaidia fedha. Kwa hiyo likaitwa gari la Jesup. Lilianza safari zake mwezi wa Mei 1906. Ndani yake mlikuwa na plau, mbegu, mbolea, vyombo vya kusindika maziwa na zana za bustani. Lilisimama penye shamba la mtu mmoja, majirani wakaitwa, na kazi ikafanywa mbele yao kwa mikono: kupima mbegu, kutia plau, kupanda mstari, kutengeneza siagi. Mkulima hakuambiwa aamini. Alionyeshwa, kisha akapewa ashike mwenyewe.

Mwaka ule ule serikali ya Marekani ilimwajiri Thomas Monroe Campbell, kijana wa Georgia aliyefika Tuskegee akiwa maskini, aliongoze gari hilo. Yeye ndiye bwana shamba wa kwanza mweusi katika kazi ya serikali yao. Miaka minane baadaye, yaani 1914, ikapitishwa sheria ya kuweka mabwana shamba katika nchi nzima. Hivyo gari la nyumbu lilitangulia, na sheria ikafuata nyuma.

Habari za karanga

Watu wengi waliosikia jina la Carver wamesikia habari za karanga tu. Basi tueleze jinsi ilivyokuwa.

Yapata mwaka 1910 mdudu aitwaye fukusi wa pamba, aliyetoka upande wa Mexico, aliingia Alabama. Huyu hutoboa vitumba vya pamba na kutaga mayai ndani, pamba ikaharibika. Waliotegemea zao moja wakafilisika. Ndipo wengi wakageukia karanga, zao ambalo Carver alikuwa amekwisha kulihimiza. Katika mji mmoja wa Alabama uitwao Enterprise, mwaka 1919, watu waliweka sanamu kwa ukumbusho wa mdudu yule, kwa sababu aliwalazimisha kuacha kutegemea pamba tu.

Lakini karanga zilipokuwa nyingi ilizuka shida ya pili: nani atazinunua? Carver akaona kwamba aliyemshauri mtu kupanda hana budi kumtafutia pia matumizi. Mwaka 1916 alitoa kitabu chenye njia 105 za kupika karanga. Akajaribu kuzitoa maziwa, mafuta, rangi na vitu vingine vingi; watu huhesabu vitu 300 vya karanga na zaidi ya 100 vya viazi vitamu. Mwezi wa Januari 1921 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mjini Washington kuwatetea wakulima wa karanga. Alipewa dakika 10. Wako waliomtazama kwa dharau kwa ajili ya rangi yake. Alipoanza kutoa vitu mfukoni kimoja kimoja na kuvieleza, wajumbe wakasahau saa, wakamruhusu aseme muda apendao. Toka siku ile akawa mtu mashuhuri.

Yatupasa kusema kweli, maana sifa za uongo hazimpambi mtu mwema. Carver hakuvumbua siagi ya karanga, ingawa wengi husema hivyo. Vitu vyake vingi havikufika sokoni, na vingine vilikuwa vimejulikana kabla yake. Katika maisha yake yote alipata hati tatu tu za uvumbuzi, kati ya miaka 1925 na 1927. Magazeti yalipenda hadithi ya mtu mweusi mwenye miujiza ya karanga, yakaisahau habari ya lile gari na ile milundo ya majani yaliyooza. Nasi twasema kwamba kazi yake kubwa ilikuwa hiyo waliyoisahau.

Upungufu wake na mipaka ya kazi yake

Carver hakuwa msimamizi mzuri. Alipewa kazi ya kuku wa chuo, na hesabu za kuku na mayai zikaharibika, hata akagombana na mkuu wake mara nyingi. Alikuwa mwepesi wa kuumizwa na maneno, akatishia mara kadhaa kuacha kazi. Lakini hakuacha. Pia hakupenda fedha. Mara nyingi hundi za mshahara wake zilikaa mezani bila kupelekwa benki. Hakuoa. Siku za Jumapili aliwafundisha vijana Maandiko, akiwaonyesha jani au jiwe na kuwaeleza juu ya Muumba wake.

Wako pia waliomlaumu kwamba alinyamaza mno juu ya sheria za ubaguzi zilizowaonea watu weusi. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Mafundisho ya udongo hayakuweza kumpa ardhi asiye na ardhi. Wenye mashamba wengi waliwakataza wapangaji wao kupanda kitu kingine ila pamba; na watu weusi kwa maelfu mengi walihama kwenda miji ya Kaskazini. Mwalimu wa kilimo aweza kumfundisha mtu kuponya shamba, lakini ikiwa shamba si lake, au bei si haki, matunda ya kazi yake huliwa na mwingine. Neno hili yafaa walikumbuke viongozi kama walikumbukavyo wakulima.

Jinsi njia hiyo ilivyofika Afrika Mashariki

Mwaka 1924 ilikuja Afrika Mashariki tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kukagua elimu. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dakta James Aggrey, Mwafrika mzaliwa wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume ile ilisifu elimu ya Tuskegee, ikashauri shule zifundishe afya, kilimo na kazi za nyumbani. Mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, kufundisha walimu wa kutembelea shule za vijijini. Shule za namna hiyo zikafunguliwa pia Nyasaland na Northern Rhodesia, nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia, jirani zetu wa mpakani. Mwalimu alifika kijijini pamoja na mkewe, wakaonyesha bustani, choo, na malezi ya mtoto. Ni ile ile njia ya kumfuata mtu kwake.

Wako Waafrika walioishuku elimu hiyo, wakisema kwamba wakoloni walitaka Mwafrika ajue jembe tu asijue mengine. Shaka yao ilikuwa na sababu. Lakini Carver mwenyewe ni jibu: alikuwa na shahada mbili, akachora, akapiga muziki, na bado hakuona aibu kuchafua mikono. Kwake jembe halikuwa mahali pa kumfungia mtu asiyesoma. Lilistahili elimu iliyo bora kabisa.

Tena nchi yetu yenyewe ilipewa somo kubwa juu ya karanga. Mwaka 1947, miaka minne tu baada ya kufa kwa Carver, serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Waliharakisha kabla ya kupima vema mvua na udongo. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama matofali, mashine zikavunjika, mvua zikakosa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Wagogo wa Kongwa waliijua nchi yao na ukame wake, lakini maarifa yao hayakufanywa msingi wa mpango ule. Carver alianza na dola 1,500 na majalala, lakini alianza kwa kumtazama mkulima na udongo wake. Hiyo ndiyo tofauti.

Kufa kwake, na yale aliyotuachia

Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943 baada ya kuanguka ngazini. Akazikwa Tuskegee, karibu na kaburi la Booker T. Washington. Akiba yake, yapata dola 60,000, aliiacha kwa mfuko wa utafiti aliouanzisha mwaka 1940. Mwaka ule ule wa 1943 Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuifanya hifadhi ya ukumbusho wa taifa mahali alipozaliwa. Mtoto aliyenunuliwa kwa farasi mmoja akapewa heshima ambayo hakuna Mmarekani mweusi aliyewahi kuipata kabla yake.

Sasa, ndugu zetu walimu na waumini, tufanye nini na habari hizi? Mkoa wetu wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, una mvua na udongo ambao wengi wangeutamani. Lakini twaona mashamba yapandwayo mahindi mwaka kwa mwaka pasipo kupumzishwa, mabua yachomwayo moto baada ya mavuno, na mbolea ya dukani ambayo bei yake humshinda mjane. Dawa ya mwanzo haitoki mbali: maharage na kunde kati ya mahindi, mabua kufukiwa badala ya kuchomwa, samadi kulundikwa chini ya kivuli, matuta kukinga mteremko, bustani ya mboga karibu na jiko.

Tena tusingoje wakulima waje mkutanoni. Wajao ni wale wale. Kila parokia na kila shule iwe na kipande kidogo cha shamba cha kuonyesha. Na mwenye ujuzi awafuate walio mbali, hasa yule mwenye shamba lililo dhaifu kuliko yote, afanye kazi pamoja naye kwa jembe lake yeye mwenyewe. Na bwana shamba afikaye kijijini kwetu juu ya pikipiki, amejaa vumbi, tumpokee kwa heshima, tumpe maji ya kunywa na kiti, tumsikilize, na tumwulize maswali. Huyo naye anafundisha, na kazi yake itaonekana chunguni mwa watoto wetu.